Dawa ya Mbuzi Kwenye Paja Langu

Ejok, hamjambo, ndugu zangu. Mimi naitwa Akiru. Nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na kama mngeniona mwaka jana kwenye kile kitanda cha hospitali, mngejua kwamba kusimama tu ni jambo la kumshukuru Mungu. Najua mmekuja kukimbia, na mnataka kuanza kabla jua halijawa kali. Nivumilieni kidogo. Nilidanganya kwenye mbio, dawa niliyotumia ikanigeuka, nikabaki hatua moja kutoka kaburini. Sitaficha kitu.

Nilizaliwa Namoruputh, kule karibu na mpaka wa Uganda. Baba yangu ni mfugaji wa mbuzi. Nilipokuwa na miaka tisa alinifundisha kumdunga mbuzi sindano: shika ngozi, ingiza, sukuma pole pole, toa. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wa kaka zangu wote, na nilijisikia sana. Baba akanifundisha na sheria yake. Mbuzi akishadungwa, maziwa yake hayanywewi na nyama yake hailiwi mpaka siku za dawa ziishe. Ndiyo maana baba, kabla ya kununua mbuzi, hushika masikio yake, humtazama mwenye mbuzi usoni na kuuliza, "Amedungwa?" Hapo lazima useme kweli. Ukificha ukagundulika, hakuna atakayenunua kwako tena, hata mbuzi wako wawe wanono namna gani.

Nilikuja Lodwar kusoma sekondari, nikakaa kwa shangazi. Huko ndiko nilikoanza kukimbia, alfajiri, kwenye barabara inayofuata mto Turkwel. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Mtu mmoja tu alikuwa akinishinda, naye ni Nyandeng. Ni msichana wa Sudan Kusini aliyekulia hapa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Akija Lodwar kwa mazoezi alilala kwetu. Nikija Kakuma nililala kwa mama yake. Tulikula sahani moja. Kisha yakatangazwa mashindano Lodwar: msichana wa kwanza angepata nafasi ya kwenda kambi ya mazoezi kule milimani, pamoja na kulipiwa shule. Nafasi ilikuwa moja. Na goti langu la kulia lilikuwa limevimba, kila hatua naisikia mpaka kwenye meno.

Kocha wangu, ambaye jina lake nitaliacha, alinitazama nikichechemea akasema, "Wenzako wanajisaidia. Wewe endelea kuomba."

Hakuniambia nitumie nini. Hilo nilijitafutia mwenyewe. Nilikumbuka dawa ambayo baba alimdunga beberu aliyevimba mguu, na kesho yake beberu akawa anarukaruka. Nikaenda kwenye duka la dawa za mifugo. Mwenye duka akaniuliza, "Mbuzi wangapi?" Nikamjibu, "Mmoja." Akanifungia. Nilipofika nyumbani nikajipimia kama ninavyompimia beberu mkubwa, nikajidunga paja la kulia. Sikuogopa hata kidogo. Mtu wa mjini angeogopa, na huo woga ungemwokoa.

Kesho yake goti lilinyamaza. Nikakimbia kama sina mifupa. Nikawa na njaa ya ajabu na furaha isiyo na sababu. Uso ukajaa, na kina mama mtaani wakaniambia, "Akiru, umenona, Mungu ni mwema!" Nikaitikia amina. Siku ya mashindano nilimpita Nyandeng mwishoni kabisa. Alikuja akihema, akanikumbatia, akasema, "Wee Akiru, leo umekimbia kama si mtu." Nikamkumbatia pia. Kumbatio hilo linanichoma mpaka leo.

Nilikusudia kutumia mara moja. Lakini kambi ya mazoezi ilikuwa bado, na kila nilipochelewa kujidunga goti lilirudi na uchovu ukaniingia. Miezi ikapita. Sasa sikilizeni mwili ulivyoanza kunisema. Ngozi ikawa laini kama karatasi. Nikijigonga kidogo nachubuka na kuwa na alama ya zambarau. Nilichomwa na mwiba wa mgunga mguuni, na kidonda kikatoa usaha wiki tatu bila kufunga. Hedhi ikakatika. Mapaja yakapungua huku tumbo likiongezeka. Nikaanza kuvaa nguo ndefu, nikasema ni jua.

Halafu kocha akanipigia simu. "Kuna mbio za Kakuma kabla hujaenda kambini, na wapimaji watakuja. Watachukua mkojo. Kama kuna kitu, acha leo."

Nikaacha siku ileile. Nilijiona nina akili. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Siku ya tatu mwili ukaniuma wote, kama nimepigwa. Siku ya tano chakula kikakataa. Siku ya saba nilikuwa nikisimama naona giza, inabidi nishike ukuta. Nilifika Kakuma nikitapika. Mama Nyandeng alinipikia uji, nikaurudisha wote. Akasema ni malaria. Nikasema ndiyo, ni malaria.

Asubuhi ya mbio nilisimama kwenye mstari. Nilijua siwezi, lakini niliogopa kuwa nisipokimbia wataniuliza kwa nini. Tulipoanza tu, miguu haikuwa yangu. Jasho lilikuwa la baridi kwenye lile joto. Nakumbuka nikiona migongo ya wenzangu ikienda, nakumbuka vumbi mdomoni. Baada ya hapo sikumbuki.

Nilizindukia kitandani, dripu mkononi. Nyandeng alikuwa ameketi chini kando yangu na namba ya mbio bado kifuani. Walipima malaria, hakuna. Walipima taifodi, hakuna. Walinipeleka Lodwar kwa gari la wagonjwa, na njia nzima Nyandeng alinishika mkono akinisemesha nisilale.

Daktari wa Lodwar alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini. Presha yangu ilikuwa ikishuka, wanaongeza maji, bado inashuka. Akainama. "Akiru, damu yako hainiambii kitu ninachokielewa. Umetumia dawa yoyote? Ya hospitali, ya kienyeji, ya dukani?"

Nikasema hapana.

Simu yangu ilikuwa imelia dakika chache kabla. Kocha. "Usiseme kitu. Ni malaria, basi. Nafasi yako bado iko." Nikaikumbatia ile nafasi huku nakufa. Ndivyo nilivyokuwa, ndugu zangu. Daktari aliniuliza mara ya pili, nikakataa mara ya pili.

Mchana baba akafika kutoka Namoruputh, vumbi mpaka kwenye kope. Alinipapasa kama anavyopapasa mnyama mgonjwa: paji la uso, shingo, tumbo. Alipofika kwenye paja akasimamisha mkono. Pale palikuwa na vinundu vigumu, vimepangana. Baba ameona vinundu vya namna hiyo maisha yake yote. Akanishika sikio, taratibu, akanitazama usoni.

"Umedungwa?" akauliza.

Niliangalia dari. Nyandeng alikuwa pale mlangoni. Nilijua nikijibu, nafasi imekwenda, na yeye pia nimempoteza. Nikaanza kulia kabla sijajibu.

"Nimedungwa, baba. Nimejidunga mwenyewe. Ile ya beberu."

Baba akamwita daktari kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikamweleza yote, jina la dawa, miezi, siku niliyoacha. Hakunigombeza. Aliagiza sindano mbio mbio, kisha akaniambia, "Mwili una kiwanda chake kidogo juu ya figo, kinatengeneza kitu kama hiyo dawa. Ulipokuwa unajidunga, kiwanda kililala. Ukaacha ghafla, nacho bado kimelala. Ungenyamaza mpaka jioni, ningekuwa naongea na baba yako tu."

Jioni presha ilipanda. Nilikula ndizi nusu, ikakaa. Nilipewa vidonge vya jamii ileile ya dawa, kwa kipimo cha binadamu, tukavipunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi. Kuna siku nilishindwa kupanda ngazi mbili. Uso ulipungua taratibu, hedhi ikarudi, kile kidonda kikafunga.

Niliandika barua kwa waandaaji, nikairudisha nafasi, nikafungiwa kukimbia. Nafasi haikumfikia Nyandeng. Muda ulikuwa umepita. Hilo sina namna ya kulirekebisha. Siku ile aliposikia yote pale mlangoni, alisema tu, "Mi nilikuwa naombea wewe njia yote. Khalas, basi." Akaondoka. Baba alileta mbuzi mpaka Kakuma, akampa mama yake, akasema, "Hajadungwa." Mbuzi alipokelewa. Mimi sikusemeshwa.

Ninyi wadogo zangu, mkiumwa goti, nendeni hospitali mseme linauma. Kama mmeshatumia kitu, msikiache kimya kimya kama mimi. Mwambieni daktari, yeye atajua mtakavyokiacha pole pole. Na akiwauliza, jibuni mara ya kwanza. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na baba yangu ambaye hakusoma lakini alijua swali la kuuliza.

Wiki iliyopita adhabu yangu iliisha. Nilisimama hapahapa kwenye mstari, kwa mazoezi tu. Nyandeng akaja akasimama kando yangu, mwaka mzima hatujaongea. Akanyoosha mkono, akanishika sikio kwa nguvu mpaka likauma, akanitazama usoni.

"Umedungwa?"

"Sijadungwa."

Alinitazama muda mrefu, bila kucheka. Kisha akaachia sikio, akainama kufunga kamba za viatu vyake.

"Haya," akasema. "Twende."