Siku Tatu Ambazo Muna Alikuwa Hewani

Usije ukamwambia mtu kwamba Muna wa Mwihoko hakuwa na kazi. Majirani wa ploti walisema hivyo miaka na miaka, eti mwanamke mzima anashinda ndani na vidude masikioni, sokoni haendi, shambani haendi. Walifunga midomo siku alipomtoa mamake kwenye chumba cha mabati kule Majengo, Thika, akamleta kwenye nyumba ya mawe yenye maji ndani.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti za madaktari wa nchi za mbali wakieleza habari za wagonjwa wao, naye aziandike neno kwa neno. Kabla ya hapo alishona kola za mashati huko Eneo la Viwanda, mpaka asubuhi moja kiwanda kikafunga geti bila kuaga mtu. Kazi hii ya pili aliipenda kwelikweli. Alianzia chini kabisa, kwenye rekodi mbovu ambazo hakuna mtu aliyezitaka, akapanda miaka saba mpaka akafika daraja la kwanza. Daraja lenyewe liko ndani ya akaunti, na akaunti ikifungwa unaanza tena na rekodi mbovu, kama unapata hata hizo. Na kwa kuwa siri za wagonjwa si mchezo, akaunti ilifunguka kwa laini moja tu ya intaneti, ile ya nyumbani kwake. Si kwa simu, si kwa kompyuta za kukodi za saiba.

Basi Ijumaa moja asubuhi, net ikapotea.

Sasa hapa kwetu net ina dawa moja, na kila mtu ni daktari. Zima boksi la intaneti, hesabu mpaka thelathini, washa. Hata ukipigia kastoma kea, kabla hujamaliza salamu wanakuuliza, "Umejaribu kuzima na kuwasha?" Muna akazima, akahesabu, akawasha. Taa ikawa ya kijani, moyo ukamruka, na kabla hajaketi ikageuka nyekundu. Ilikaa nusu dakika tu. Akapiga simu, na msichana wa huko akamwambia, "Endelea kujaribu kila baada ya saa moja, madam, tunaishughulikia."

Muna ni mtu wa kufuata maagizo. Ijumaa yote, Jumamosi yote, Jumapili yote, alfajiri akitoka kuswali mpaka usingizi umshinde, kila saa alizima akawasha. Mamake akawa ndiye saa yenyewe: "Muna, imefika, enda uzime."

Jumatatu net ikarudi, na ujumbe ukawa unamngoja. Ulitoka kwa msimamizi wake, Magdalene, ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso. Rekodi kumi na moja hazikufika, kwa hivyo akaunti imesimamishwa. Alete barua ya kampuni yake ya intaneti ikisema kulikuwa na hitilafu siku hizo, kabla ya kesho yake, Jumanne, saa kumi na moja jioni. La sivyo, akaunti inafungwa.

Muna hakutetemeka. Barua tu? Jioni hiyo hiyo Wamalwa, kinyozi wa mlango wa tatu, alirudi kutoka matangani Webuye, akamwonyesha simu huku akicheka. "Jirani, kwani net ilipotea? Wameniomba radhi kwa hitilafu ya siku tatu, wakaniongezea siku tatu za bure. Na mimi nyumba ilikuwa kufuli!" Waya wa Wamalwa na wa Muna unatoka kwenye nguzo moja. Muna akalala usingizi mzuri.

Jumanne akaenda ofisi ya kampuni, Thika mjini. Akahudumiwa na kijana mpole anaitwa Khisa, akampa kiti, akabonyeza kompyuta, akakunja uso.

"Madam, laini yako haikuwa na hitilafu."

"Haikuwa nini?"

Khisa akamletea mkataba, saini ya Muna mwenyewe chini, akamwonyesha mstari kwa kalamu. Hitilafu ni kukosekana kabisa kwa huduma kwa saa ishirini na nne mfululizo. Halafu akamgeuzia kompyuta. "Ona. Ijumaa saa tatu, ulirudi hewani. Saa nne, ulirudi hewani. Saa tano, ulirudi. Kila ukirudi, hesabu inaanza upya."

Wueh! Kumbe kila alipowasha alikuwa akijifutia ushahidi kwa mkono wake! Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki alikuwa amekipangusa vumbi kila asubuhi.

"Lakini ni nyinyi mliniambia niwashe! Kila saa! Nimewapigia mara tisa!"

"Hiyo ni idara nyingine, madam." Na haki alisema kwa huruma, ndiyo maana iliuma zaidi.

"Na Wamalwa? Wa nguzo yangu? Mbona yeye mmemlipa fidia?"

Khisa akatafuta. Uso ukamchangamka. "Huyu laini yake ilikufa siku tatu bila kuguswa. Hii ni hitilafu safi kabisa."

Hitilafu safi kabisa! Mtu alikuwa Webuye anakula ugali wa matanga, ndiye aliyepata shida. Aliyekesha na boksi hakupata lolote. Muna alitazama watu wengine kwenye foleni, aone kama kuna mwenye kushangaa naye. Kila mtu alikuwa na simu yake.

Barua ya uongo Khisa hangeandika, na Muna hakuiomba. Wakampigia Wamalwa, akakubali, wakachapa barua yake ikagongwa muhuri: hitilafu ya siku tatu, Mwihoko, nambari ya nguzo. Muna akaipiga picha, akamtumia Magdalene kwa anwani ya barua pepe iliyokuwa kwenye ule ujumbe, pamoja na maelezo marefu ya nguzo, ya boksi, ya kuzima na kuwasha. Akakaa kwenye ngazi za ofisi akingoja.

Saa kumi jibu likaja.

"Pole sana, Muna. Barua inasema jirani yako ndiye aliyekosa intaneti. Nimepigia ofisi hiyo wanisomee kumbukumbu za laini yako. Wanasema ulikuwa hewani mara hamsini na nne. Kama ulikuwa hewani, mbona hukufanya kazi?"

Muna akasoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miaka saba ya kazi hii hakuna msimamizi aliyewahi kumwita mvivu wala mwongo. Akaandika, "Nilikuwa nawasha tu," akafuta. Akaandika, "Ilikuwa nusu dakika," akafuta. Saa kumi na moja kamili simu ikalia mlio mmoja mfupi, akaunti ikafungwa.

Ikalia tena. Ni mamake. "Muna, barua umepata?"

"Nimepata, mama," akasema. "Ya Wamalwa."