Shangazi na Madirisha ya Nakshi

Shangazi alipiga chapa miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya chuo cha ualimu, na siku alipostaafu vidole vyake havikupewa taarifa. Vilicheza juu ya kitambaa cha meza, vikacheza juu ya shuka. Kufikia mwezi wa nne tangu astaafu alikuwa amepanga upya makabati yote ya nyumba yake na ameanza kuyatamani ya jirani. Kwa hiyo mtoto wa kaka yake alipopiga simu kumwomba akamsaidie dukani, hakumwacha amalize maneno. Alikuwa tayari anatafuta miwani.

Huyo mtoto wa kaka, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, alikuwa na duka la kuchapa lenye kompyuta tatu. Watu walimwita Nakshi, maana hakuweza kuona kitu kitupu akakiacha. Hata mpini wa ufagio wa dukani alikuwa ameupaka mistari.

Sasa alikuwa amepata kazi kubwa. Mkunga mmoja mstaafu, aliyezalisha nusu ya mtaa, alikuwa ameandika maisha yake kwa mkono kwenye daftari kumi na moja na alitaka yawe kitabu. Daftari zenyewe alikataa kuziacha. "Hizi hazilali ugenini," alisema, basi Nakshi akazipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuziweka kwenye kompyuta. Kuzichapa ndiko kulikomshinda, kwani yeye huandika kwa vidole viwili.

Kompyuta zake zilitumia mfumo endeshi uitwao Linux, na kwenye mfumo huo mtu hujichagulia mwenyewe programu ya kusimamia madirisha kwenye skrini: yafunguke vipi, yakae wapi, yavae nini. Nakshi alikuwa ameyaremba kwa miaka miwili. Madirisha yake yalikuwa maangavu kama maji, yenye pembe za mviringo na vivuli laini. Yalifunguka kwa kuruka kutoka pembeni na kujigeuza mara moja hewani. Nyuma yake ulionekana msitu wa kijani kibichi. Vitufe vya kufungia na kusogezea madirisha alikuwa amevificha vyote kwa kuwa, alisema, vinaharibu sura. Wateja walikuwa wakiipiga picha ile skrini.

Shangazi aliitazama kwa muda mrefu siku ya kwanza.

"Imependeza, sikatai," alisema. "Lakini mwanangu, hapa kati ya 'mama' na 'mtoto' kuna tawi. Ni la mkunga au ni la kwako?"

"Ni la msitu, Shangazi. Utazoea."

Akajitahidi kuzoea. Siku ya tatu alikuwa na madirisha matatu yaliyolaliana: picha ya daftari, kitabu anachokichapa, na ujumbe wa wateja. Yote yalivaa sare moja. Shangazi, kama alivyofundishwa ujanani, alikaza macho kwenye mwandiko wa mkunga na kuviacha vidole viende. Alichapa kisa kizima cha mama aliyejifungua kwenye ghala la mahindi mvua ikinyesha. Hakujua kwamba alikuwa akiandika kwenye dirisha la ujumbe, na kila alipomaliza aya na kubonyeza kitufe cha kushuka mstari, aya iliondoka.

Ilimfikia fundi wa kuchomea vyuma, aliyekuwa akisubiri kadi zake za biashara. Jibu lake liliruka kwenye skrini, likajigeuza hewani: "Hongereni sana! Sasa ni wa kike au wa kiume? Na kadi zangu je?"

Shangazi alicheka mpaka akavua miwani. Nakshi hakucheka. Asubuhi iliyofuata Shangazi alikuta skrini ya kijivu tupu kama ukuta wa stoo, madirisha ya mraba, hata msitu hakuna.

"Umenuna," alisema.

"Sijanuna. Ulitaka kitu cha kufanyia kazi, nimekupa."

"Nani alikwambia utoe uzuri? Mimi mashine yangu ya chuo niliifuta kila asubuhi kwa kitambaa cha hariri, wenzangu wakanicheka. Napenda kitu kizuri kuliko wewe. Ninachotaka ni kizuri kinachonionyesha nilipo. Lete karatasi."

Wakakaa bega kwa bega. Shangazi alichora, Nakshi akabadilisha na kumwonyesha papo hapo. Daftari ikakaa kushoto, kitabu kulia, yasilaliane hata kidogo. Maandishi yakapata ukurasa mweupe usiopitisha tawi. Dirisha linaloandikiwa likavaa fremu ya rangi ya chungwa, mengine yakabaki na kijivu hafifu.

"Hiyo chungwa ni maridadi," Nakshi alisema, akisahau kununa.

"Na inasema kweli. Sasa nirudishie msitu, lakini uchungulie tu kwenye nafasi kati ya madirisha."

"Na kule kuruka?"

"Yaruke, ila yatue upesi. Nina wanawake wanasubiri kujifungua humu."

Nakshi alimfundisha kuhama dirisha kwa kubonyeza vitufe viwili, bila kugusa kipanya. Baada ya saa moja Nakshi ndiye aliyekuwa akimwuliza Shangazi vitufe alivyovisahau yeye mwenyewe. Kurasa saba kwa siku zikawa kumi na tisa. Mkunga alipopita kutazama kazi, aliomba kiti akakaa mpaka jioni, akitazama mwandiko wake ukivuka kutoka kushoto kwenda kulia na kuwa kitabu.

"Sikujua kama niliandika vizuri hivi," alisema.

"Uliandika vizuri," Shangazi alimjibu. "Ila mwandiko wako, dada yangu, Mungu anisamehe."

Kitabu kilitoka nakala arobaini. Mkunga alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti katikati ya duka. Wateja wawili walijitambua kuwa walizaliwa mikononi mwake, mmoja akapiga kigelegele. Tangu hapo Shangazi hufika dukani kila asubuhi kabla ya Nakshi. Juzi alimwomba ufunguo wa duka wa kwake mwenyewe.