Sauti ya Gurudumu la Nyuma

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumatatu, mwanangu, nilipofika juu ya mteremko wa feri pale Likoni, lori limejaa mbata, zile nazi zilizokaushwa, na juu ya magunia wameketi akina mama sita na makapu yao. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha na vijana wetu wamerudi, wale waliojaliwa kurudi, lakini spea za magari zilikuwa bado adimu kama maziwa ya kuku. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilivaa kofia ya kito, ile ya kudarizi, hata nikiwa chini ya gari, na nilipopita Mtongwe kwetu nilipiga honi bila ya sababu yoyote ila kwamba mama yangu asikie.

Kabla sijakueleza ya asubuhi ile, niache nirudi nyuma kidogo, maana ajali haianzi pale inapoonekana.

Lori lile lilikuwa la Bwana Abeidi, mwenye ghala la mbata kule mnakokuita leo Shika Adabu. Mtu mpole, hasemi mara mbili. Mwezi wa Ramadhani aliniita akaniambia, "Hamisi, breki za gari hii hazijatazamwa siku nyingi. Fungua magurudumu yote manne, uzitazame kabla ya Idi." Nikafungua mawili ya mbele, yako salama. Nilipofika ya nyuma, nati zimeshika kutu, jua limenikaa utosini, koo limekauka kwa saumu. Nikasema moyoni, kama ya mbele ni mazima, ya nyuma yatakuwaje mabovu? Nikarudisha vyombo, nikanawa mikono. Magharibi, tunafuturu, Bwana Abeidi akauliza, "Umeyafungua yote?"

"Wallahi yote, bwana," nikajibu. "Yako salama."

Niliapa, mwanangu, na tende ya kufungulia iko mdomoni.

Baada ya Idi, sauti ikaanza. Ukienda mbio huisikii, injini yaimeza. Lakini ukipunguza mwendo, ukakanyaga breki kidogo kama unayetafuta pa kusimama, nyuma kule mkono wa kushoto kulikuwa na kitu kinakwaruza. Krr. Kikanyamaza. Krr. Kila gurudumu likizunguka mara moja, nacho mara moja.

Aliyeisikia kwanza si mimi. Alikuwa Chengo, utingo wangu. Chengo alinizidi miaka kumi na mitano hivi, mtu wa Kaloleni, ana mke na watoto watatu, Jumapili hakosi kanisani. Kazi yake ilikuwa kupakia na kupakua, na kila tukifika kwenye mteremko hushuka akaenda kwa miguu kando ya gurudumu la nyuma, kabari ya mbambakofi, mti mgumu kama chuma, mkononi, tayari kuitia chini ya mpira tukisimama. Kwa hiyo yeye alitembea na sauti ile, hatua kwa hatua, mimi nikiwa nimekaa mbele na honi yangu.

Akaja dirishani. "Dereva, gurudumu la nyuma la kushoto lasaga. Lasaga kama jiwe la mtama."

"Ni vumbi," nikamwambia. "Mvua ikinyesha litanyamaza."

Na mvua ikanyesha kweli, na likanyamaza. Siku mbili nzima halikusema kitu, nami nikamtazama Chengo kama mtu aliyeshinda kesi. Siku ya tatu kukakauka, sauti ikarudi, na safari hii haikuwa nyembamba tena. Ilikuwa nzito, chuma juu ya chuma, hata meno yalisisimka. Chengo akaja tena.

"Dereva, nakuomba tulifungue. Nitakushikia jeki mimi mwenyewe."

"Chengo," nikasema, na akina mama juu ya magunia wanasikia, "kazi yako ni kabari. Breki niachie mimi."

Alikuwa mkubwa wangu, mwanangu, ningestahili kumwita kaka, nami nilimtaja kwa jina lake tupu kama mtoto wa nyumbani. Akarudi nyuma ya gari akaendelea na safari.

Utaniuliza, je, sikuisikia? Niliisikia. Usiku nikilala niliisikia. Lakini nilijua inasema nini. Ilikuwa inasema, "Hukunifungua." Kila ikikwaruza ilitaja kile kiapo changu. Kulifungua gurudumu lile kulikuwa ni kwenda kwa Bwana Abeidi na kumwambia kwamba nilimwapia uongo mwezi mtukufu. Basi nikapata dawa yangu mwenyewe. Nilianza kwenda mbio, kwa sababu ukienda mbio haisikiki. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami methali hiyo niliijua tangu chuo cha Kurani, ila nilidhani yahusu watu wenye homa.

Turudi kwenye ule mteremko.

Feri ilikuwa imefika, watu wanashuka, wengine wanapanda, mstari wetu waenda taratibu. Nikakanyaga breki. Sauti ikalia, ikakatika ghafla, na mguu wangu ukazama mpaka chini kama nimekanyaga tope. Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Nikavuta breki ya mkono, lori likasita, halafu likaendelea.

Halikwenda mbio. Hilo ndilo sijalisahau. Lilikwenda pole pole, kwa mwendo wa mtu anayerudi kutoka sokoni, na uzito wote ule wa mbata nyuma yake. Mbele yangu, hatua kama ishirini, mama mmoja ameinama, anamfunga mtoto mgongoni kwa leso. Nikabana honi, ile honi yangu ya kujisifu, naye akainua uso akanitazama tu, maana hakuna anayekimbia gari linalotambaa. Kila mtu alidhani nitasimama.

Chengo peke yake ndiye aliyejua. Nilimsikia akipiga kelele, "Ondokeni! Haina breki!" Akatia kabari chini ya mpira, ikateleza. Mawe ya mteremko yalikuwa yamelowa. Akaikimbilia, akaiokota, akaitia mara ya pili, na safari hii hakuiachia. Aliishikilia kwa mkono mpaka mpira ukaipanda. Lori likatikisika, likasimama. Kati ya chuma cha mbele na mgongo wa mtoto yule pangepita mtu mmoja, tena mwembamba.

Nikashuka mbio nikazunguka nyuma. Chengo alikuwa amekaa chini, mkono wake wa kulia ameubana kifuani, shati limeloa damu. Hakulia. Alinitazama, akasema, "Mtoto yu mzima?"

"Mzima," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema mtu yule wa kanisa, akafumba macho.

Tukamvusha kwa feri ile ile mpaka hospitali. Vidole viwili havikuokolewa.

Sasa ngoja nikueleze jambo ninaloona haya nalo kuliko hayo yote. Jioni Bwana Abeidi alikuja kutazama gari, akauliza imekuwaje. Mtu mmoja pale kwenye feri alikuwa ameshamwambia kwamba utingo aliweka kabari vibaya, ikateleza. Bwana Abeidi akanigeukia. "Ndivyo?"

Nami nikanyamaza. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Nikaangalia viatu vyangu. Mwanangu, kunyamaza nako kwaweza kuwa uongo, na ni uongo mrefu kuliko ule wa maneno, maana hauna mwisho mpaka uufunge mwenyewe.

Kesho yake Bwana Abeidi akamleta fundi, Mzee Faraji. Huyu alikuwa amefanya kazi ya chuma upande wa Changamwe miaka mingi, akigonga mitungi ya mvuke ya gari la moshi mpaka masikio yakamwacha. Ukitaka akusikie, umkabili na useme pole pole, akusome midomo. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia marahaba, akapiga magoti. Tukatia jeki, tukalitoa gurudumu la nyuma la kushoto, tukaivua ile ngoma ya chuma inayoficha breki.

Ndani yake mlikuwa kama kaburi lililofukuliwa. Ile ngozi ngumu inayovikwa viatu vya breki ilikuwa imekwisha kabisa, ribiti, ile misumari inayoishika, zimetokeza vichwa, zimechimba mifereji katika chuma. Viatu vilikuwa vimelika mpaka vikafunuka kupita kiasi, na mafuta ya breki yamemwagika yote.

Mzee Faraji akakaa kitako. Akanitazama usoni. "Kijana, mimi masikio yangu niliyaacha Changamwe. Nieleze wewe. Ilikuwa ikilia vipi?"

Nikasema, "Haikulia, mzee."

Akaushika mkono wangu, akachukua kidole changu cha shahada akakiingiza ndani ya ule mfereji wa chuma, akakizungusha taratibu, duara zima. Ulikuwa na kina cha kucha.

"Chuma hiki kimelia wiki tatu," akasema. "Kiziwi hapa ni mimi, mwanangu. Si wewe."

Hakusema kwa ukali. Lau angenipiga kofi ningeweza kukasirika, na hasira ingenisitiri. Alisema kama anayenionea huruma, na hapo ndipo nilipovunjika. Nililia na uso wangu umejaa grisi. Nikamwambia yote, ya Ramadhani, ya nati zenye kutu, ya kiapo, ya Chengo kuja dirishani mara mbili. Sijui alisoma midomo yangu au machozi. Nilipomaliza akanipa kitambaa, akasema, "Haya. Sasa hayo uliyoniambia mimi nisiyesikia, nenda kamwambie anayesikia. Nenda kabla ya alasiri, ukichelewa utapata maneno mazuri zaidi ya kujitetea."

Nikaenda. Bwana Abeidi alinisikiliza amesimama mlangoni mwa ghala. Nilipokwisha akasema, "Nilikuwa nimeshaamua kumwachisha Chengo kazi." Ni hivyo tu. Akanyoosha mkono nikampa ufunguo wa gari. Mwaka mzima sikuushika tena. Nilikuwa utingo, natembea kando ya gurudumu, kabari mkononi, na dereva mwingine kakaa mbele. Niliona ni haki, na naona ni haki mpaka leo.

Kwa Chengo nilikwenda Ijumaa. Mkewe, Kadzo, alinifungulia mlango. Nilitarajia matusi. Akasema, "Ingia. Hajala tangu asubuhi, huenda akala na mgeni." Akatuwekea sima na mchicha. Chengo alikula kwa mkono wa kushoto, na adabu yetu waijua, lakini siku ile mimi pia nilikula kwa wa kushoto.

Nikamwomba msamaha. Akatafuna, akameza.

"Mkono utapona, Hamisi," akasema. "Kilichoniuma ni ulivyoniambia vumbi. Mimi ndiye niliyekuwa nikitembea na gurudumu lile."

"Nisamehe, kaka," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwita hivyo.

"Nimekusamehe. Sasa ufunge mdomo, ule."

Alirudi kazini baada ya miezi mitatu. Bwana Abeidi akampa ukarani wa kupokea mbata ghalani, na kwa muda mrefu aliandika kwa mkono wa kushoto, hati mbaya kama ya kuku, mpaka ikatengenea. Mimi jioni nilikwenda kwa Mzee Faraji, akanifundisha aliyoyajua. Aliniambia gari lina maneno yake, na huyasema likienda pole. Breki ikikwaruza asubuhi, ukikanyaga mara mbili tatu ikakoma, huo ni umande na kutu ya usiku, usihangaike. Ikipiga mlio mwembamba kama filimbi, ni vumbi au ngozi imekuwa ngumu, ifungue ukipata nafasi. Ikikwaruza kila mzunguko, hata mara moja tu, ifungue leo. Na ikisaga chuma kwa chuma, usiifikishe hata nyumbani. Kama hujui ni gurudumu lipi, enda polepole kando ya ukuta, dirisha wazi, ukuta utakurudishia sauti. Au simama, ukaribishe mkono kwenye kila ngoma bila ya kuigusa. Lililo moto kuliko wenziwe ndilo lenye kesi. Kisha litie jeki, ulizungushe kwa mkono. Yeye asiyesikia alilizungusha na vidole vyake vikamwambia.

"Na kama kuna mtu anayetembea chini," akasema mara moja, "muulize yeye kwanza. Wewe uliye juu unasikia injini tu."

Basi, mwanangu, haya ndiyo niliyotaka kukuachia. Jambo likiharibika halianzi kwa kishindo. Hulia kidogo, tena pale unapopunguza mwendo, na mtu mwenye kuficha kitu hupenda sana kwenda mbio. Ukijiona huwezi kutulia, jiulize ni sauti gani unaikimbia. Aliye chini yako kwa cheo akija dirishani kukwambia neno, zima injini umsikilize, maana yeye ndiye anayetembea nalo. Na kama umekwisha kusema uongo, usingoje chuma kikusemee. Nenda ukauseme mwenyewe, uongo wenyewe ungali mdogo. Kuungama kutakupotezea ufunguo, lakini vidole vya mwenzio vitabaki mahali pake.

Mwenyezi Mungu akupe masikio yanayosikia na moyo usioogopa kilichosikika. Akulinde kwenye miteremko yote ya maisha yako, na kila utakapokanyaga usimame. Akujaalie wenzi wa kukwambia kweli, nawe usiwajibu kwamba ni vumbi. Amin, mwanangu. Nenda salama.