Mkono Tumboni

Mwishoni mwa 1994 niliuza dawa Kabeza, katika chumba kimoja cha mbele ambacho mlango wake haukufunga vizuri. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Bukoba na masanduku mawili, moja la dawa, jingine la vitabu. Shule niliachia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, neno moja kila siku, kutoka kwenye kamusi nene iliyopoteza jalada. Mwaka ule hata neno moja lilikuwa zito. Maji tulibeba kwa jerikani, umeme ulikuja ukitaka, na kutwa nzima nilikuwa nimesimama.

Wateja walikuwa na desturi iliyonichosha kuliko kusimama. Ukimuuliza mtu hali, alijibu kwa lugha yao "turiho", yaani tupo. Homa inamtetemesha, yupo. Shavu limevimba kwa jino, yupo. Nilizoea kukisia ugonjwa kwa kutazama namna mtu alivyoegemea kaunta.

Jirani yangu, mama wa miaka hamsini hivi aliyeshona sare za shule, alikuja kila baada ya siku chache kununua dawa ya maji ya watoto wachanga wenye msokoto wa tumbo. Chupa iliandikwa kwa Kiingereza "gripe water"; Bukoba hakuna mzazi asiyeijua.

"Mtoto anaendeleaje, mama?"

"Iko analia tu, muganga." Ndivyo walivyoniita, ingawa mimi si daktari.

Muuza mkaa aliyesubiri vidonge vya kichwa alicheka. "Mtoto gani huyo haponi? Si ameshaota ndevu?"

Mama alitabasamu kidogo, akatoka. Ukuta wa nyumba yake na wangu ulikuwa mmoja, na sikuwahi kusikia mtoto akilia. Aliyekonda ni yeye. Niliogopa kwamba ana kidonda tumboni, na kwamba dawa ile tamu ingemtuliza hivyo hivyo mpaka kimuue. Lakini mwaka ule, baada ya mauaji ya kimbari, hakuna aliyemuuliza mwenzake watoto wako wapi. Kumwambia "huna mtoto, mgonjwa ni wewe" nisingeweza.

Nilirudi kwenye kamusi, kama nifanyavyo nikikwama. Neno la kwenye chupa, lile "gripe", zamani lilimaanisha kushika kwa nguvu, kukamata. Baadaye likawa maumivu yanayokaza tumbo. Maana ya kulalamika ilikuja mwisho kabisa, huko Marekani. Nilinakili yote kwenye daftari. Neno lilitoka mkononi, likaingia tumboni, likachukua miaka mingi kufika mdomoni. Jirani yangu hakuwa na miaka mingi ya kusubiri.

Aliporudi, uso ulikuwa kama majivu na ameshika kaunta kwa mikono miwili. Sikumpa chupa. Niliigeuza, nikamwonyesha maandishi.

"Mama, unajua hapa wameandika nini? Wazungu hawa, maumivu ya tumbo waliyaita mkono. Mkono unaokamata."

Alitazama maandishi asiyoweza kuyasoma.

"Unakamata, halafu unaachia?"

"Hiyo kamusi haisemi."

"Nikila, unaachia kidogo. Halafu unarudi." Alivuta pumzi. "Wana akili, hao watu."

"Na choo, mama?"

Alishusha sauti. "Cheusi. Kama mkaa wa yule aliyecheka."

Choo cheusi ni damu inayovuja ndani. Nilifunga duka, mlango ule ule usiofunga, tukaenda hospitali.

Tulipanga foleni tangu asubuhi hadi jua likageuka. Daktari alikuwa amekulia Uganda na alipendelea Kiingereza, kwa hiyo niliingia na mama kama mkalimani. Daktari aliuliza anaumwa nini. Nikamtafsiria.

"Turiho," mama akajibu.

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikulitafsiri. Nilimtazama tu. Daktari naye alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Mama alinitazama, akatazama mlango, kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akashika kifundo cha mkono wa daktari, akakibana. Alikibana kwa vidole vya mshonaji mpaka kalamu ikaanguka.

"Hivi," alisema.

Daktari hakuniuliza tafsiri. Aliinuka, akamwonyesha kitanda na kumwita muuguzi. Mimi nilitoka nje ya chumba, nikaketi sakafuni ukumbini. Siku ile nilikuwa bado sijakaa.