Jino la Loth Lililokosa Shahidi

Wakazi wote wa Mazwi, wenye meno na wenye mapengo, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Emerensiana, mfuma sweta wenu, ameng'atwa. Aliyemng'ata ni mwanawe, Loth. Kidonda kipo mahali ambapo sisi majirani hatuwezi kukagua.

Kumtuliza mtoto hakukumshinda. Alilaza kitambaa kibichi dirishani, asubuhi akakikuta kama barafu, maana baridi ya hapa kwetu Sumbawanga ni friji ya bure. Loth akakitafuna, akanyamaza. Kilichomshinda ni ukoo wa mumewe. Kwao, anayeliona jino la kwanza la mtoto anachinja kuku wake mwenyewe, wote wanakula. Mama mzazi haruhusiwi kuliona. Na mpaka lionekane, mtoto haonji uji wa ulezi. Ni titi tu.

Basi ukoo mzima ukapofuka. Shangazi Rozina aling'atwa kidole, akasingizia mwiba. Mama mkwe, bibi Bertilla, alimchungulia mjukuu mdomoni huku kafumba macho.

"Hana kitu huyu, mama Loth. Mnyonyeshe."

Likabaki tumaini moja: mumewe Evaristi, fundi baiskeli mwenye jogoo mmoja anayempenda kuliko wateja. Chumbani aliapa, "Jumapili nalitangaza mimi. Jogoo ni nini mbele ya maumivu yako?"

Jumapili, baada ya misa, wote wamekaa sebuleni. Evaristi akaingiza kidole mdomoni mwa mwanawe. Uso ukamkunjamana. Machozi yakamlenga.

"Ufizi tu," akasema, akificha kidole mfukoni.

Uani, jogoo akawika, kama siku ya kukanwa Bwana. Hata paroko asingepanga vizuri zaidi.

Emerensiana alimtazama mumewe, yule yule aliyeapa chumbani. Kisha akamtupia mtoto mapajani.

"Kama ni ufizi, mbembeleze wewe. Mimi nabandika maji."

Evaristi, kwa aibu, akamwinua mtoto, akamchekea, pua kwa pua. Loth hana habari na mambo ya ukoo. Akaidaka pua ya babaye, akafunga mdomo.

"Uwiii! Jino! Jino hili hapa! Mtoeni!"

"Kaliona!" bibi Bertilla akapiga vigelegele. Macho yalikuwa yamemfunguka ghafla. "Evaristi kaliona!"

Evaristi akakimbilia jikoni, kashika pua. "Mke wangu, si unajua ningesema tu? Nilikuwa natafuta namna..."

"Maji ya kunyonyolea yameshachemka, baba Loth."