Chupa ya Dawa Pa Dirisha

Ile harufu ya dawa ya upele, yenye kuchoma pua sawa pétrole, ikinikuta tu mu pharmacie, mugongo yangu inaanza kuniwasha. Muniseke, haina kitu. Masomo yangu ilikufia mu sixième primaire, lakini mu kuyikuna niko na diplôme.

Nilikuwa mutoto mu mutaa ya Naviundu, nalala kitanda moja na Kaku, mama ya papa yangu. Alikuwa ananiita bwana yangu, na miye namuita bibi yangu, juu kwetu kaku na mujukuu banachezaka vile. Upele ikianza kutembea, alikuwa ananikuna mugongo na mukono yake ya kukauka, anauliza: "Bwana yangu, niende kushoto ao kuume?" Ku masomo benzangu baliniita Guitariste, juu vidole yangu haikupumuzikaka.

Mama akaleta chupa ya dawa, akanipakala miye peke yangu, toka shingo mpaka mu miguu, sawa ukuta ya kanisa mbele ya Noël. Ikapona, kisha ikarudia. Akanipakala tena, ikarudia tena. Njo tantine Béa, dada ya mama, akaangalia vipele mu mikono ya Kaku mwenye kuuzisha samaki, akasema: "Njo huyu. Alitosha hii bugonjwa ku kwao Kasomeno, mu magunia yake ya samaki."

Papa akaenda kulipa nafasi ya camion. Bakapandisha Kaku mu camion ya Kasomeno, aende kwa mudogo wake mpaka mikono itapona. Chupa ilibakia pa dirisha, nusu ya dawa iko bado ndani. Hakuna mwenye alifikiri kumupatia.

Mu camion alikuwa anaseka: "Bwana yangu, usioe mungine, eh! Narudia."

"Bibi, nitaangalia," nikajibu, na makamasi mu pua.

Kaku akaenda, upele ikabakia. Mama akaanza kuyikuna, tantine Béa naye, na ile mudomo yake yote. Njo infirmier akatuambia: "Kale kadudu kanaingia mu ngozi ya kila muntu mwenye munalala naye. Mupakale bote siku moja, hata mwenye hayikune. Manguo na bulangeti, mutokoteshe." Tukapona. Papa akasema ataenda kumutwaa mama yake kisha mvua, barabara ikikauka.

Kaku hakungoya mvua iishe.

Pa kilio yake, sawa desturi ya kwetu, bajukuu njo tunasekeshaka bantu. Balinivalisha koti ya papa, inafagia chini, miye bwana ya marehemu. Nikalalamika: "Bibi yangu, nani atanikuna mugongo?" Bantu bakaseka mpaka machozi. Papa akatoka inje. Nilifikiri hapendi mchezo yangu.

Leo papa ni muzee, analala kwangu. Juzi mutoto yangu alirudia toka ku masomo na upele, tukapakala nyumba yote. Nilikuwa napakala mugongo ya papa, njo akaniuliza polepole: "Mwana, mu ile chupa ya pa dirisha, dawa ilikuwa imebakia?"

"Hapana, papa," nikamuambia. "Ilikuwa imekwisha."