Samli ya Mzee Godana na Baiskeli Yangu ya Resi

Nimekaa na aibu hii muda wa kutosha, nikaona afadhali niisimulie mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa Kulesa wanaiharibu, wanasema nilishuka lile tuta huku naimba, na mimi sikuwa naimba, nilikuwa napiga kelele.

Mimi nauza dawa za mifugo hapa Garsen, katika duka la mtu mwingine, kwa mshahara wa mtu anayeuza katika duka la mtu mwingine. Kwa hiyo siku nilipoiona ile fremu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, imelala chini ya mabati na sufuria zilizotoboka, fremu ya chuma ya baiskeli ya resi ya zamani, mabomba membamba, rangi ya bluu imebanduka nusu, sikuangalia kama nina pesa, niliangalia kama kuna mtu mwingine anayeitazama. Hakukuwa na mtu mwingine anayeitazama (jambo ambalo lingenifundisha kitu, lakini sikuwa nafundishika siku hizo).

Nikaanza kuijenga kidogo kidogo. Gurudumu la nyuma lilitoka kwa muuza mikate aliyehamia pikipiki, la mbele sikuuliza lilitoka wapi, ule usukani wa kupinda chini kama pembe za kondoo dume nilibadilishana na redio yangu, na breki zilikuwa mbili za aina mbili ambazo hazikuwahi kuonana kabla ya siku hiyo. Fundi Kazungu, mwenye kibanda karibu na soko, ambaye mikono yake imepita kwenye kila baiskeli ya kubeba ndizi na madumu ya maji hapa mjini, aliizunguka mara mbili akaniuliza, "Na keria iko wapi?"

Nikamwambia baiskeli ya resi haina keria.

"Sasa itabeba nini?"

"Itanibeba mimi."

Alinitazama kwa huruma akarudi kuziba pancha yake.

Sasa mambo ya nyumbani. Baba yangu analima Kulesa, mahindi na ndizi, na ubavuni mwa shamba lake inapita malka, ile njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa maji. Kiangazi kilichopita ng'ombe wa Mzee Godana, Muorma ambaye baba anamjua tangu kabla mimi sijazaliwa, waliacha njia wakaingia kwenye mahindi wakala walichokula. Baba akasema maneno, Mzee Godana naye akasema yake, na kesho yake baba akakata miba akaziba malka, ng'ombe wakawa wanazunguka mbali kutafuta maji na wazee wawili wakaacha kusalimiana. Wote wawili walikuwa wanakuja dukani kwangu, baba kwa dawa ya mbuzi, Mzee Godana kwa dawa ya kupe, na kila mmoja alikuwa anauliza habari za mwenzake huku akijifanya hajauliza.

Mwishowe watu wakawasemesha wakakubali kukaa pamoja, Jumamosi, hapo hapo penye miba. Mzee Godana angempa baba samli, baba angeondoa miba, basi, yaishe. Ijumaa baada ya swala Mzee Godana akaja dukani na kibuyu, kimefungwa mdomo kwa ngozi. Alisema zawadi ya namna hii mkosaji haibebi mwenyewe, inabebwa na mtu wa nyumba iliyokosewa. Akakifungua nione, akaweka kidole shingoni.

"Mimi nimejaza mpaka hapa, mwanangu. Wewe peleka hivi hivi. Baba yako ndiyo atafungua."

Nikasema haina shida, mzee wangu. Nakumbuka nilivyosema haina shida.

Ningeweza kupanda pikipiki. Lakini baiskeli ilikuwa imebaki kufungwa tu, na Jumamosi watu wangekuwa wamekusanyika Kulesa, na mimi nilikuwa nimeisifu ile baiskeli kwa miezi bila mtu kuiona ikitembea. Alfajiri nikakaa sakafuni nifunge magurudumu, goroli zote nimezisafisha, zinang'aa, nikatafuta grisi, hakuna. Pesa yangu ilikuwa imeishia kwenye matairi. Kazungu alikuwa amekwenda matangani Malindi na kopo lake la grisi liko ndani ya kibanda na kufuli liko nje. Nikageuza macho nikaona kibuyu juu ya meza.

Nikafikiri hivi: grisi ni mafuta, na samli ni mafuta. (Msinicheke bado.) Nikafungua ile ngozi polepole nikachota kijiko kimoja cha gurudumu la mbele, na kwa kuwa la mbele limepata, la nyuma nalo likataka lake, halafu pale kati panapozungukia pedeli, halafu shingo ya usukani, na kwa kuwa ilikuwa asubuhi na samli imeganda vizuri, ilikaa kwenye goroli kama imeumbwa kwa kazi hiyo. Nikazungusha gurudumu. Halikutoa sauti hata kidogo. Nikafunga ngozi, nikajifunga kibuyu mgongoni kwa shuka, nikaondoka.

Mwanzo wa safari siwezi kudanganya, ulikuwa mtamu. Ile baiskeli ilikuwa inateleza yenyewe, watu wa bodaboda wananipigia honi, mama mmoja akaniuliza kama niko kwenye mashindano nikamjibu bado. Kisha jua likapanda, na jua la huku mnalijua. Nikaanza kusikia harufu ya mapishi, nikajiuliza nani huyu anapika wali wa sikukuu porini saa hizi, na nikaendelea kujiuliza kwa mwendo mrefu, harufu haibaki nyuma, mpaka nilipotazama chini nikaona spoku zinang'aa na rimu zinang'aa na soksi zangu zina mafuta.

Samli ikipata joto inakuwa maji. Kila anayepika analijua hilo, na mimi mwenyewe nalijua. Ilikuwa imetoka kwenye kitovu cha gurudumu, ikarushwa kwenye spoku, ikafika kwenye rimu, na rimu ndiyo breki inaposhika. Haya yote niliyaelewa vizuri sana juu ya tuta la kuzuia mafuriko pale Kulesa, baiskeli ikiwa imeshaanza kushuka. Nikabana breki zote mbili, zikateleza kama nimebana hewa. Chini naona watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, baba upande mmoja, Mzee Godana upande wa pili na fimbo yake, na ng'ombe nyuma yao wanangoja, na kati yao mimi nachagua pa kugonga. Nikachagua miba. Nilipita katikati ya ile miba ya baba nikatokea ng'ambo ya pili, suruali yangu haikutokea yote.

Baba aliinua kibuyu kwanza, mimi baadaye. Kilikuwa kizima. Akasema hata hivyo Mungu ni mwema, akaketi, akafungua ngozi mbele ya watu wote, akatazama ndani. Samli ilikuwa chini ya shingo, vidole vinne kamili.

"Godana," baba akasema taratibu, "hivi ndivyo unavyonipima?"

"Mimi nimejaza."

"Basi imenywewa na nani?"

Mzee Godana akasimama. Hakugomba. Alikusanya shuka yake begani akaishika fimbo yake, na nikaona kwamba akigeuka hatarudi tena, si kiangazi hiki wala kingine. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimekaa chini natoa miba gotini na nikaendelea kutoa miba gotini, nikajitia niko bize. Niliona haya, na haya ikanifunga mdomo.

Baba ana mbwa wa kufukuzia nyani shambani, anaitwa Askari. Askari akaiendea baiskeli, akainusa, akaanza kulamba gurudumu la mbele. Alipolimaliza akaenda la nyuma. Kisha akaingiza ulimi pale penye pedeli, kisha akasimama kwa miguu ya nyuma akalamba shingo ya usukani, kwa mpango ule ule niliopaka mimi, na mkutano mzima unamtazama. Baba akainuka akamfukuza, akapitisha kidole kwenye spoku ambayo mbwa hajaifikia, akakinusa, akampelekea Mzee Godana naye anuse.

"Hii ya ng'ombe yangu," Mzee Godana akasema.

"Wewe Buya," baba akasema.

"Naam, baba."

"Sema."

Nikasema. Nilisema yote, kijiko kwa kijiko. Kisha Mzee Godana akamgeukia baba.

"Ng'ombe yangu ilikula mahindi yako," akasema. "Sasa baiskeli ya mtoto yako imekula samli yangu. Mimi na wewe tumelingana."

Baba alijaribu kubaki na hasira, nilimwona akijaribu, lakini kicheko kilimshinda, na Mzee Godana naye akalazimika kukaa tena kwa kucheka, wakashikana mikono bila mtu kuwaambia. Miba iliyokuwa imebaki (nyingine nilikuwa nayo mimi) ikaondolewa, ng'ombe wakashuka mtoni, na kila aliyepita karibu na baiskeli aliigeuzia pua.

Sasa wachungaji wakiniona Garsen wananiita Samli, na Kazungu anawaambia wateja wake kwamba angalau keria haivuji. Nimeshazoea. Lile anguko liliniuma siku mbili tatu. Kinachoniuma mpaka leo ni zile dakika nilizokaa natoa miba, mzee wa watu amesimama anaonekana mchoyo kwa kosa langu, mpaka mbwa akasema kweli kabla yangu. Nimeapa mzigo wa mtu mwingine sitaufungua tena, hata uwe wa mawe. Kopo la grisi nimenunua, liko chini ya kitanda, na kila nikienda Kulesa nampelekea Askari mfupa.